Njiwa na mafiga ya kwetu

Wenzangu mlioko Kasulu, njiwa amenishinda.

Mnajua tulivyohamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Njiwa wangu nilikuja naye kwenye kikapu. Siku sita nimemfungia ndani, mtama namwekea, anadonoa kidogo tu.

Leo asubuhi mama mkwe akasema, "Mzungushe kwenye mafiga mara tatu, kama kuku mgeni. Atajua kwao ni hapa."

Nikamzungusha. Taratibu, kwa heshima zote.

Nikafungua mlango. Akaruka hadi juu ya paa, akatulia. Mimi huyo, nacheka peke yangu uani.

Kisha akaondoka. Hata kugeuka nyuma hakugeuka.

Mume wangu akapanda baiskeli kumfuata kule Kitahana tulikotoka. Kamkuta juu ya ukuta wa nyumba yetu. Paa halipo tena, na majani yameshafika mlangoni.

Karudi mikono mitupu. Nikamuuliza mbona hakumkamata.

"Nimkamate nimlete wapi?"

Mama mkwe alikuwa anachochea moto. Akasema polepole, bila kututazama, "Mafiga haya niliyapakia mwenyewe kwenye lori. Ni yale ya kule. Tumemzungusha kwao."

Hakuna aliyecheka.

Mwenye njia nyingine ya kumzoesha njiwa aniandikie, ila asijisumbue sana. Sisi tunapikia mafiga hayohayo kila siku, na humu ndani hakuna hata mmoja aliyezoea.