Mkono wa Bi Hansa

Watu wa Kibuyuni wakikuambia kwamba Muhsina alishindwa kupika, usiwasadiki. Muhsina aliwahi kupikia arusi ya watu mia nne kwa kuni mbichi, mvua ikinyesha, na pilau ikatoka kila punje mbali na mwenziwe. Alichoshindwa ni kumdhania mtu vibaya, na kwa kosa hilo mtu wa kumcheka ni mjinga peke yake.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kazi yake, kama ya wanawake wengi wa kwao, ilikuwa mwani: kuufunga kwenye kamba baharini maji yakitoka, kuungoja wiki sita, kisha kuubeba ukiwa umelowa hadi nchi kavu na kuuanika. Gunia la mwani mbichi halina huruma na mgongo wa mtu. Mwaka jana daktari mmoja wa Msambweni aliitazama picha ya mgongo wake akamwambia waziwazi, "Mama, ukiendelea kubeba, mwaka wa tatu utakuwa wa kubebwa wewe." Muhsina alitoka pale na haja moja tu duniani, apate kazi ya kusimama jikoni badala ya ile ya kuinama baharini.

Hapo ndipo alipotokea Bi Hansa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wanaojiita wenyeji. Alikaa Diani na kupikia wageni nyumbani kwake. Hakuwa na hoteli wala kibao cha nje. Alikuwa na meza moja ya viti vinane barazani, na watu walimpigia simu wiki mbili kabla ili wakae kwenye viti hivyo. Upishi wake ulikuwa wa Kihindi uliooana na wa Pwani. Vile vitumbua vyao vya mvuke vya dengu yeye alivifanya kwa unga wa muhogo. Kadhi, ule mchuzi wao mwepesi wa mtindi, aliupika kwa tui la nazi, na ndani yake akazamisha vipande vya samaki aina ya changu. Kadhi hiyo ndiyo iliyowatoa watu Nairobi.

Alikuja Kibuyuni kununua mwani mkavu, akaonjeshwa achari ya mwani aliyoitengeneza Muhsina. Akaonja, akaonja tena.

"Umefunzwa na nani hii?"

"Nimejifunza mwenyewe, Bi Hansa. Nimeharibu mara nyingi mpaka ikakubali."

"Basi njoo kwangu Jumatatu na Alhamisi. Wewe utanifunza hii, na mimi nitakufunza vyote nilivyo navyo."

Alisema vyote. Muhsina alilisikia neno hilo vizuri, na ndilo lililompandisha Diani mara mbili kwa wiki kwa miezi minane.

Kulikuwa na haja nyingine iliyomfunga Bi Hansa kwake. Kwa dini ya kwao samaki haliwi, wala yeye hakuwahi kumtia mdomoni tangu kuzaliwa. Alimpika changu kama fundi anayeshona nguo asiyoweza kuijaribu mwilini. Kwa hiyo kila kadhi ikiiva alichota tone kwa kijiko, akamdondoshea Muhsina kiganjani. "Haya, ulimi wangu, sema." Na Muhsina alisema: chumvi bado, ukwaju umezidi, samaki amekaa sana motoni. Hakuna mgeni hata mmoja wa meza ile aliyekula samaki ambaye Muhsina hakumtangulia kumwonja.

Na walipendana, nisije nikasema uongo. Mgongo ulipomkaza, Bi Hansa alimlaza kwenye mkeka akamkanda kwa mafuta ya haradali. Bi Hansa naye aliposhikwa na homa, Muhsina alilala kwake siku tatu, akimpikia uji na kumpangusa miguu. Muhsina alifundishwa kukaanga binzari nyembamba bila kuiunguza, kuvuruga unga wa dengu usifanye madonge, kuyajua mafuta kwa kuzisikiliza haradali zinavyopasuka. Naye akamfundisha mwenziwe tui la kwanza liingie lini na la pili lini, na mwani uoshwe mara saba kwa maji baridi mpaka uache ukaidi wa bahari.

Lakini kila ilipofika saa ya kumalizia kadhi, Bi Hansa aliteleka kikaango kidogo cha mafuta, kile cha viungo vya kumwagia juu, akasema, "Muhsina, nichumie majani ya mchuzi." Mti wenyewe ulikuwa mwisho wa ua, karibu na ukuta. Siku za mwanzo Muhsina alikwenda mbio na kurudi mbio, na mlangoni akapigwa na harufu aliyoijua tangu yuko mgongoni mwa mamake. Mvuje.

Mtoto gani wa Pwani asiyeijua? Mvuje ni ule utomvu mkavu unaonuka vibaya, unaofungwa kwenye kitambaa cheusi na kuvishwa kitoto mkononi, ili jicho la hasidi likifika lirudi lilikotoka. Muhsina alisimama na majani yake, akafikiri, kumbe na Bi Hansa ana kinga yake. Wageni wengi, macho mengi, na jiko la mjane lina husuda zake. Na kwao Muhsina kinga ya mtu haiulizwi wala haitazamwi. Ukiikuta, unageuza uso.

Tangu siku hiyo alichuma majani polepole, moja moja, ampe mwenziwe nafasi ya kumaliza mambo yake. Akirudi alikohoa mlangoni kabla ya kuingia. "Una adabu wewe," Bi Hansa alimwambia zaidi ya mara moja. Bila shaka aliipenda sana adabu hiyo.

Siku moja, tone likiwa kiganjani, Muhsina aliuliza. "Bi Hansa, kuna kitu kinanijia nyuma ya ulimi, kama kitunguu thomu. Na thomu hatukutia. Ni nini?"

Bi Hansa aliitazama sufuria. "Ni mkono tu, mwanangu. Mkono haufundishwi."

Muhsina alirudi Kibuyuni akaipika kadhi kwake, mara tano, mara sita. Ilitoka njema, ila nyuma ya ulimi hapakuwa na kitu. Akaitazama mikono yake, imechanjwa na kamba, imepasuka kwa maji ya chumvi. Dadake Bimkubwa alimkuta ameiweka mapajani kama vitu vya kuazima. "Mwani umeniharibu mkono," Muhsina akamwambia. Na alisadiki.

Mwezi wa tisa ukafika, na nafasi nayo. Nyumba moja ya wageni huko Msambweni ilitaka mpishi wa kudumu, anayejua chakula cha Kihindi cha Pwani. Msimamizi wake alikuwa Eunice, mwanamke wa bara, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuamua. Bi Hansa mwenyewe ndiye aliyeleta habari. "Nenda. Nimeshazungumza naye. Utampikia kadhi, watu sita." Akampa na kikaango chake kidogo aende nacho. Muhsina alikibusu kile kikaango. Nikikumbuka alivyokibusu, mimi hupandwa na hasira mpaka leo.

Alipika siku ile kwa kila alichofunzwa. Haradali zikapasuka kwa wakati, tui halikukatika, changu akakaa kwenye mchuzi mzima mzima. Eunice na wenziwe walikula, wakasifu, wakaongeza. Halafu Eunice akafuta mdomo.

"Muhsina, chakula ni poa, sitakudanganya. Lakini si ile ya Hansa. Ile yake iko na kitu. Hii haina."

"Ni mkono, mama," Muhsina akajibu kwa sauti ndogo. Yaani alijihukumu mwenyewe kwa ushahidi wa uongo aliopewa na mwalimu wake.

Jioni alimpigia Bi Hansa. Bi Hansa alimpoza, akamwambia mkono utakuja, asikate tamaa. Wiki iliyofuata Eunice akapiga kumweleza wamekubaliana na Hansa: sufuria mbili za kadhi kila wiki, pamoja na achari ya mwani ya Hansa, mkataba wa mwaka. Alisema hivyo, achari ya mwani ya Hansa. Muhsina aliumia, lakini akajiambia heri aipate yeye kuliko mtu wa mbali. Ndivyo alivyo, nimekwisha kukuambia.

Siku nne baadaye Bimkubwa alimwachia mtoto wake wa miezi mitatu akaenda kisimani. Muhsina alikuwa ameteleka mafuta ya kukaangia samaki, mtoto kampakata kwa mkono wa kushoto. Kitoto kikarusha mkono. Kile kitambaa cheusi cha mkononi kilikuwa kimechakaa mshono, na punje ya mvuje ikaanguka kwenye mafuta ya moto.

Ule uvundo ulipanda mara moja, kisha ukafa. Palepale ukageuka harufu nyingine, tamu, nzito, kama thomu iliyokaangwa na mtu mwenye subira. Muhsina alimlaza mtoto mkekani. Akachovya ncha ya mwiko, akapuliza, akaonja. Kikamjia nyuma ya ulimi kile alichokitafuta miezi minane.

Hapakuwa na kinga wala husuda. Palikuwa na mwanamke anayemtoa mwenziwe jikoni kila mara, naye mwenziwe anakohoa mlangoni ili asimfumanie. Muhsina alikaa chini akalia, na wala hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, na hasira kubwa ilikuwa juu ya yale maneno mawili, mkono tu. Angefichwa kiungo, angesamehe; wapishi wangapi wana vyao. Lakini aliambiwa kasoro iko kwenye mwili wake, na akaitazama mikono yake kwa aibu, na akaenda kushindwa huku akishukuru. Mla nawe hafi nawe, wazee walisema, ila hawakusema kwamba anaweza kukufunga kitambaa machoni na kukusifu unavyotembea vizuri.

Alimpigia Eunice akamweleza yote. Eunice alisikitika kwa dhati, lakini mkataba ulikuwa umetiwa saini. Muhsina akarudi kwenye kamba zake. Diani hakwenda tena, na Bi Hansa alipouliza, alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba mgongo unamsumbua. Hilo lilikuwa kweli.

Zikapita wiki tano, gari la Bi Hansa likasimama Kibuyuni. Alishuka na chupa mbili za kioo amezikumbatia.

"Shikamoo, Bi Hansa." Hasira haiondoi shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umenisusa?"

"Mgongo tu."

Bi Hansa aliziweka chupa kwenye mkeka. Ndani yake hamkuwa na achari, mlikuwa na ute kama makamasi. "Mara ya pili hii. Mwani nimeuosha mara saba, ndimu, pilipili, haradali, kama ulivyonifunza. Ijumaa Eunice anataka chupa ishirini. Nimekosa wapi?"

Muhsina alijua alikokosa kabla hajamaliza kusema. Mwani haupatani na moto. Ukimwagiwa mafuta yanayochemka kama achari ya embe, huyeyuka. Kule Diani mafuta aliyachemsha yeye Muhsina asubuhi, yakapoa wakishughulika na mengine, na hakuwahi kulisema hilo kwa kuwa kwake halikuwa siri. Hata wakati ule, Mwenyezi Mungu ni shahidi, alifungua kinywa amwambie, na amwambie na la mvuje, yaishe.

Kilichotoka kilikuwa kingine. "Nitakuonyesheni. Mwani safi ninao hapa, na viungo. Lakini nichumieni ndimu kwanza, Bi Hansa. Mti uko kule nyuma ya nyumba ya Bimkubwa."

Bi Hansa alimtazama. Aliijua safari hiyo, yeye ndiye aliyeibuni. Akageuka akaenda, mama wa miaka sitini na kitu, kandambili zikizama mchangani. Muhsina akachukua mafuta yaliyopoa tangu asubuhi, akamimina, akageuza kwa mwiko, akarudisha chupa ya mafuta mahali pake.

Alisubiri sana. Ndimu za kutosha achari huchumwa kwa dakika mbili, na Bi Hansa alikawia zaidi ya robo saa. Halafu, nje ya mlango, Muhsina akamsikia anakohoa.

Akaingia na ndimu tatu. Muhsina alikamulia moja ndani, akachota kidogo, akamwekea kiganjani. Bi Hansa akaonja. Ilikuwa yenyewe, kavu, inakatika menoni.

"Umetia nini, Muhsina?"

"Ni mkono tu, Bi Hansa. Mkono haufundishwi."

Bi Hansa alikikunja kiganja chake. Alikaa akiziangalia zile ndimu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alitolewa jikoni hivyo hivyo na mama mkwe wake miaka minne, mpaka akaja kuiiba siri kwa kuchungulia tundu la dirisha. Maneno yale ya mkono Muhsina alikuwa ametamani kumrudishia wiki tano nzima, na sasa yalipotoka yalikuwa machungu kinywani mwake mwenyewe, kwa sababu alimpenda yule mama, na bado anampenda.

Alimsindikiza mpaka garini, kama ada. Kisha akajikaza leso kiunoni, pale pale panapouma, akateremka na gunia lake, maana maji yalikuwa yametoka na mwani unangoja kubebwa.