Hema Lililopimwa Kichwani

Wiki iliyopita nilifungua mfuko wa hema letu la zamani, ikanipiga ile harufu ya nailoni iliyokunjwa na unyevu wake, nikakaa chini palepale stoo. Mwanangu akaniuliza kama nimeona nyoka. Laiti angekuwa nyoka, ningemkimbia.

Wageni huwa hawaamini nikiwaambia, lakini sisi watoto wa Machame tulizaliwa mlimani bila kuujua mlima. Tuliutazama asubuhi kabla haujajifunika mawingu, kisha tukaenda zetu kukata majani ya ng'ombe. Aliyeujua ni baba. Alikuwa mpagazi, mmoja wa wale wanaojiita wagumu, na kwa miaka mingi alikuwa amepandisha mahema ya watu, meza zao, hata choo chao. Kila aliporudi aliniahidi mimi na mdogo wangu Elia kwamba siku moja atatufikisha pale msitu unapoishia. "Ahadi ni deni, Baba Aikande," mama alimkumbusha, akimwita kwa jina langu, naye alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi chenyewe alisema ni cha vumbi. Kiangazi kimoja kikohozi kikagoma kuondoka, baba na mama wakashuka hospitali mjini Moshi, na sisi tukafuatana nao kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Tuliachwa kwenye benchi la nje tukila ndizi za kuchoma. Walipotoka, mama alikuwa ameshusha khanga hadi machoni, nikadhani ni jua. Baba akapiga makofi.

"Haya, twendeni sokoni tukanunue hema!"

Kwangu maana yake ilikuwa moja tu: baba kapona. Furaha ya siku ile sijaipata tena, na kuikumbuka kunaniuma mpaka leo.

Sokoni, mahema yalining'inia katikati ya makoti ya mtumba. Kijana muuzaji alitutolea moja la kijani, zito, la kuzuia mvua yoyote, nami nikalipenda papo hapo. Baba hakulipima mkononi kama wanunuzi wengine. Alichukua kitenge cha mama, akakisokota ngata, akaiweka kichwani kwa mama, akamtwika hema.

"Hebu tembea."

Mama akatembea kati ya makoti, watu wakimkodolea macho. Mimi na Elia tulicheka mpaka tukashikana mabega. Baba hakuliangalia hema kabisa, aliangalia shingo ya mama.

"Hapana. Lete jepesi zaidi."

"Mzee, haya ni ya kubeba mgongoni," kijana akasema. "Halafu si utabeba wewe?"

"Wewe lete tu, mdogo wangu."

Yakaja mengine, mama akatwikwa na kutuliwa. Mwisho likaja hili la rangi ya chungwa, limepauka, lina kiraka ubavuni, jepesi kama furushi la majani makavu. Mama alienda nalo hadi mwisho wa kibanda, akageuka, akarudi, shingo imenyooka.

"Hili litavuja," alisema.

"Litavuja, ndiyo," baba akajibu. "Lakini utafika nalo."

Nilinuna njia nzima. Mpagazi mzima, nikawaza, anayejua mahema kuliko mtu yeyote, na ametuchagulia bovu!

Wiki chache baadaye tulipanda, baada ya rafiki wa baba anayeongoza wageni kutushughulikia vibali. Mama alibeba hema, sisi tukagawana vyakula, na baba akaja nyuma mikono mitupu. Alisimama kwenye kila mti mkubwa kututajia jina lake, nami nikadhani anatufundisha, kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Mvua ilinyesha na hema likavuja kama lilivyoahidiwa. Asubuhi tukatoka tumelowa, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa pale mbele yetu, nyeupe, karibu mno. Baba aliitazama kwa muda mrefu.

"Mje kila mwaka," alisema. "Msiwaachie wageni mlima huu peke yao."

Krismasi ile, Wachagga wote walipokuwa wanarudi nyumbani kula na kunywa, kwetu walikuja kuzika. Tulimlaza baba kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, tukapanda masale, mmea wa heshima wa Wachagga, kuzunguka kaburi.

Kiangazi kilichofuata mama alilitoa hema, akasokota ngata, tukaondoka. Kwenye mwinuko mmoja wa msituni nilimwona jasho linamtiririka, nikamwomba anitwike mimi huo mzigo.

"Niachie," alisema. "Huu nauweza. Baba yenu alinipimia."

Ndipo lile benchi la hospitali likanirudia, na khanga iliyoshushwa machoni. Daktari alikuwa ameshawaambia. Walitoka pale moja kwa moja hadi sokoni, na katikati ya makoti ya mtumba, watu wakitazama, baba alikuwa akimpimisha mama ujane wake. Mama alienda nao hadi mwisho wa kibanda na kurudi, shingo imenyooka, huku sisi watoto wake tukicheka.