Maji ya Tenki kwenye Wiski ya Mama

Niseme mapema ili tusisumbuane: niliichoma moto wiski ya mama, na nyusi zangu zikaenda nayo.

Na wala haikuwa wiski yake. Ilikuwa chupa ndogo ya loji anakofanya kazi, kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Meneja alimruhusu aje nayo nyumbani Rhotia wiki nzima ajifunze. Loji ilikuwa inatafuta mkuu wa baa, na meneja alimwambia bila kuzunguka: Jumamosi nitakupima kwa wiski hii, ukiielewa nafasi ni yako, usipoielewa tunaleta mtu kutoka Arusha. Mama amefuta glasi za baa ile tangu mimi niko chekechea. Mtu wa Arusha angekuja kumfundisha kufuta.

Sasa, wiski yenyewe si ya kawaida. Mama alinieleza kwamba wiski nyingi huzimuliwa kwa maji kiwandani kabla ya kutiwa kwenye chupa. Hii haikuzimuliwa. Ilitoka kwenye pipa la mbao ilivyo, na ukali wake wote. Alinieleza hayo ili niiogope. Hapo ndipo alipokosea.

Huku kwetu hata mtoto anajua gongo inavyopimwa. Unamimina kidogo, unawasha kiberiti. Ikiwaka bluu ni kali. Isipowaka, muuzaji katia maji na ana la kujibu. Basi Alhamisi mchana, mama akiwa shambani anang'oa maharage, mimi mwanasayansi wa kidato cha tatu nikamimina kwenye kisahani cha bati na kuwasha. Jua lilikuwa limejaa jikoni, sikuona moto wowote. Nikasema moyoni, tumepigwa. Nikainama nione vizuri, nikaongeza kidogo.

Moto ulikuwepo. Ulikuwa unanisubiri tu.

Nilipomaliza kujipiga makofi usoni, chupa ilikuwa imepungua vidole viwili. Nikafanya kile anachofanya mwizi mwenye haraka: nikachota maji ya mvua kwenye tenki letu, nikajazia hadi pale ilipokuwa. Kisha nikavaa kofia.

Lazima mjue jinsi mama alivyokuwa anajifunza. Yeye ni wa kwaya, pombe hajawahi kuimeza. Anagusisha ncha ya ulimi na kutema kwenye kopo. Kazi yote anaifanya kwa pua. Kila jioni alikaa mezani na glasi yenye tumbo pana na shingo nyembamba, akinusa na kuandika kwenye daftari langu la zamani la jiografia. Nililichungulia. Jumatatu: Inachoma. Jumanne: Inachoma. Jumatano: Inachoma sana.

Meneja alimwambia atie maji, tone moja moja, ndipo ataisikia. Mama akagoma. Bibi, yaani mama yake, alikuwa mpika pombe ya mtama aliyeheshimika mpaka Qurus, na kwa bibi, mtu anayemtilia mgeni maji kwenye pombe alikuwa chini ya mwizi. Mwizi angalau anakuja usiku. Mama alikua akichapwa kwa sheria hiyo.

"Siwezi kuharibu kitu cha mtu nikakiita ujuzi," aliniambia.

Kwa hiyo alikuwa anaelekea kufeli kwa heshima zote.

Jioni ile akakaa kama kawaida. Mimi nilikuwa pembeni napukuchua mahindi, kofia kichwani. Akamimina, akapeleka glasi puani, akaganda. Akaishusha. Akatazama ukuta. Akairudisha.

"Humu kuna maji."

Nikapukuchua kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana katika nyumba ile.

"Ya tenki," akaendelea. "Nasikia bati. Nasikia na yale majani uliyoambiwa uyatoe kwenye mfereji wa paa."

"Mama, mimi..."

"Vua kofia."

Nikavua.

"Wiski ina maji, na wewe huna nyusi. Nianze na lipi, baba?"

Nikasema yote, mpaka kisahani. Nilikuwa natazama mwiko, kwa sababu najua njia yake kutoka ukutani hadi mgongoni kwangu. Lakini mama hakuinuka. Alikuwa amerudisha pua kwenye glasi, macho amefumba, na uso wake ulikuwa unabadilika polepole kama wa mtu anayesikia wimbo chumba cha pili.

"Haichomi," akasema kwa sauti ndogo. "Imefunguka. Kuna ndizi mbivu. Nyuma yake kuna nta ya nyuki. Njoo hapa. Fungua mdomo kidogo, na usivute kama nyati. Iache ije yenyewe."

Nikaenda. Nikainamisha pua kwenye glasi.

Mnajua ukungu wa kule juu asubuhi. Umesimama ukingoni huoni kitu, weupe mtupu, unaona hata aibu kuwa umeamka mapema. Halafu ukungu unapasuka, na chini yako kuna nchi nzima: ziwa, mbuga, nyati wadogo kama punje za pilipili manga. Vilikuwepo muda wote. Glasi ile ilikuwa hivyo. Kwanza ukali, kisha ukali ukasogea pembeni, na nyuma yake nikakuta ndizi kweli, asali, benchi la kanisa lililopakwa vanishi juzi, ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Mwisho kabisa moshi, wa mbali, kama jirani wa bondeni anapika.

"Nani katia ndizi humu?" nikauliza.

"Hakuna. Ni shayiri, maji na hamira. Na miaka ndani ya pipa, gizani, imekaa tu."

Nikanyamaza. Mwalimu wangu wa darasa angetembea kwa miguu kutoka Karatu kuja kuona hilo. Imekaa tu gizani, na imekuwa yote hayo. Mimi nimekaa darasani miaka kumi na moja na bado nanukia soksi.

Kesho yake mama alinusa kutwa. Jumamosi asubuhi akanivalisha shati la shule. "Ulichoma cha watu. Utakisema kwa mdomo wako."

Tukapanda gari la wafanyakazi mpaka juu. Meneja, mzee mmoja mpole anayevaa koti zito hata jua likiwaka, alisikiliza ungamo langu akitazama paji la uso wangu kuliko chupa.

"Kwa hiyo, mama," akamgeukia, "wiki nzima umejifunza na wiski iliyochakachuliwa?"

"Siku mbili tu. Zile nyingine niliogopa. Nipime."

Akaingia nyuma ya kaunta, akatoka na glasi tatu za wiski ileile, kutoka chupa nyingine. Mama akanusa ya kwanza. "Hii haijaguswa. Ina kila kitu lakini imefunga mlango." Ya pili. "Hii ina maji ya chupa, matone machache. Hii ndiyo nzuri." Ya tatu aliinusa mara moja tu, akaisukuma mbali. "Hii ina maji ya bomba, na mengi. Umeiua."

Meneja akazinusa mwenyewe, moja moja, akarudia. Nilimtazama vizuri. Alikuwa hajui ipi ni ipi tena. Alikuwa anakumbuka tu alivyozipanga. Na mwanamke aliyejua, bila kumeza hata tone, ndiye huyuhuyu anayenipikia makande.

"Swali la mwisho," meneja akasema. "Mgeni amekaa hapo kando ya moto. Anaitaka hii. Unamtilia matone mangapi?"

Nikajua amemshika. Hapo bibi angeamka kaburini.

Mama akaisogeza mbele glasi ya kwanza. "Simtilii. Nampa ilivyotoka kwenye pipa, na kijagi cha maji pembeni. Namwambia anuse kwanza. Halafu atie mwenyewe, tone kwa tone, na akome pale pua yake itakaposema akome. Maji ni ya mgeni, si ya mhudumu."

Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwezi ujao ukianza, unaanza kama mkuu wa baa," akasema. "Huyu mtoto abaki nyumbani."

Tukarudi na gari lilelile. Tulipita lango la hifadhi, tukapita Karatu mjini, mama ametulia na pochi mapajani kama mtu anayebeba mayai. Tuliposhuka Rhotia alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, akanikagua, akasema:

"Nyusi zitaota. Lakini ukigusa tena cha watu, nitakunusa hata ukiwa Arusha. Na kesho utoe yale majani kwenye mfereji."