Mzazi Aliyeandikwa kwenye Fomu

Ukitaka kujua shule zinafunguliwa lini pale Makole, usihangaike na redio. Nenda kwa Mwamvua fundi cherehani. Wiki mbili kabla, kina mama huanza kuingia mmoja mmoja na sketi za mabinti zao wakiomba pindo zishushwe, maana watoto hurefuka bila kumwuliza mtu. Mwaka ule wa korona, shule zilipofungwa Machi na kukaa kimya miezi mitatu na ushee, watoto walirefuka kama waliotumwa. Serikali ilipotangaza kwamba shule zote zifunguliwe tarehe ishirini na tisa Juni, cherehani ya Mwamvua haikupoa kwa siku kumi.

Alishona chumbani, si barazani alikozoea, kwa sababu alikuwa ndani ya eda. Mumewe, Hasani, alifariki wiki moja kabla ya Ramadhani. Moyo, alisema daktari. Mtaani walinong'ona mengine, na waliokuja kuzika walisimama mbali mbali kama watu wasiojuana. Bi Mwajabu, mama mtu mzima anayewaongoza wajane wa mtaa ule, alimpa masharti: miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila kuzurura. Mwamvua aliyashika kama anayeshika pindo la shuka la mgonjwa. Ilikuwa ndiyo heshima pekee aliyobaki nayo ya kumpa Hasani.

Sketi ya kwanza kabisa kuishusha pindo ilikuwa ya binti yake mwenyewe, Nasra, aliyekuwa kidato cha nne katika shule ya bweni nje ya mji. Aliipiga pasi akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ikangoja siku.

Mambo ya shule tangu zamani yalikuwa ya Hasani. Yeye alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali, mtu aliyebeba barua za watu miaka kumi na tisa bila kupoteza hata moja, na karatasi hazikumtisha. Mwamvua karatasi zilimtisha. Kwao Kondoa alitolewa darasa la nne akaamie ndege kwenye mtama, na alipokaribia miaka kumi na mitano, watu wema wakaja kuulizia habari zake, akaozwa. Anasoma, lakini polepole, midomo ikitembea. Kwa hiyo fomu ya kujiunga na shule aliijaza Hasani. Palipoandikwa jina la mzazi akaandika lake, na palipoandikwa namba ya simu akaandika yake. Fomu ilikuwa na nafasi ya mzazi mmoja tu.

Baada ya hitima, kaka mkubwa wa marehemu, Hamidu, alikusanya vitu vya ndugu yake: saa, suti mbili, viatu, kitambulisho cha kazi na simu yake janja. Akavifungia kwenye sanduku la bati, akaenda na ufunguo Kondoa, mpaka eda iishe na mirathi igawanywe. Simu ilizimwa ikaviringishwa kwenye leso. Hakuna aliyeona ajabu. Mali ya marehemu ni ya warithi wote, mmoja wao mtoto aliyefiwa na baba, na kuigusa kabla ya mgawo ni kula haki ya yatima. Mwamvua ndiye aliyelishikilia jambo hilo kuliko wote. Hata vumbi la sanduku lile alilipangusa kwa juu juu.

Mwezi wa Mei alipiga simu shuleni kwa kitochi chake, akaeleza kwamba baba yake Nasra hayupo tena, akataja namba yake mwenyewe, akiisoma kwenye karatasi tarakimu moja moja.

"Pole sana, mama," sauti ikamwambia. "Tutabadilisha."

Akashukuru. Aliona hilo limekwisha.

Shule nyingine zilifungua tarehe ileile, kwa maneno machache. Ile ya Nasra ilianza kusema sana. Habari zake zilimfikia Mwamvua kupitia kwa jirani yake Angelina, Mgogo mmoja mwenye roho safi na sauti ya kanisani, ambaye binti yake Erica alikuwa kidato cha pili katika shule hiyohiyo. Angelina alikuwa na simu janja, na alikuwa kwenye kundi la wazazi. Kila jioni alikuja, akaketi kwenye mkeka, akamsomea.

Siku ya kwanza tangazo lilisema wanafunzi wote waripoti tarehe ishirini na tisa. Siku ya pili likasema tangazo la jana lipuuzwe. Siku ya tatu wakaambiwa watoto watapokewa kwa awamu, na awamu zenyewe zitatangazwa. Wazazi wakauliza: awamu zipi? Barakoa ngapi? Kidato cha nne si ndio wenye mtihani Novemba, mbona hawatajwi? Mzazi mmoja wa Hombolo akaandika kwamba amemtoa mtoto kijijini na begi lake, amefika mjini, sasa alale wapi? Shule haikumjibu. Ililifunga lile kundi, mzazi asiweze kuandika neno, ikabaki yenyewe tu kusema.

"Wametufunga midomo," Angelina alisema, akiigeuza simu kana kwamba jibu liko nyuma yake. "Sasa wanasema kila mzazi atatumiwa meseji yake, yenye tarehe na namba ya kitanda. Asiyepata asubiri."

"Basi tutasubiri," Mwamvua akasema.

Meseji ya Angelina iliingia kesho yake. Erica aliondoka tarehe sita Julai na godoro lake. Kitochi cha Mwamvua kilikaa juu ya meza ya cherehani, karibu na gurudumu, na kila kilipotikisika alitoa mguu kwenye pedali. Walikuwa wateja. Alipiga tena shuleni, akataja namba yake tena, akaambiwa asubiri, wanatuma kwa awamu. Alipiga mara ya tatu, akaambiwa mtandao unasumbua. Hakuwa mtu wa kugombana na wasomi. Aliamini kwamba mtu aliyeketi ofisini akisema anaandika, basi anaandika.

Nasra alisoma daftari zake za zamani mpaka kurasa zikaanza kukatika. Asubuhi moja mama yake alimkuta amesimama mbele ya ile sketi, ameshika pindo.

"Mama, wenzangu wameanza mada mpya ya kemia."

"Umejuaje?"

"Naota tu."

Ndipo Hamidu alipopiga simu kutoka Kondoa. Alikuwa mtu mzuri, na ubaya wa maneno yake ulikuwa hapo, kwamba aliyasema kwa wema.

"Shemeji, hiyo shule si imekaa kimya? Mtoto anazeeka ndani. Mlete huku asaidie alizeti. Tena kuna watu wema wameulizia habari zake."

Mwamvua alisikia maneno yale, watu wema wameulizia. Aliyajua. Yaliwahi kusemwa juu ya kichwa chake mwenyewe, akiwa ameshika kombeo la kufukuzia ndege. Alimwambia shemeji yake ampe muda kidogo, lakini moyoni alijua kwamba kila siku shule ilivyonyamaza, Hamidu alizidi kuwa na haki.

Ijumaa ya tarehe kumi na saba Julai, Angelina aliingia bila hodi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Nasra, nimewapigia mimi mwenyewe. Wanasema mzazi wa Nasra hajibu. Jina lake liko kwenye orodha ya walioacha shule, na orodha inafungwa Jumatatu."

"Hajibu nini? Nijibu nini?"

"Nami nikawauliza, mmetuma kwa namba gani? Wakanisomea. Nimeandika hii hapa." Akafungua kiganja. Namba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, ikianza kufutika kwa jasho.

Mwamvua hakuhitaji kuisoma polepole. Ilikuwa ya Hasani, namba pekee aliyoijua kwa kichwa katika maisha yake yote. Aligeuka akalitazama sanduku la bati chini ya kitanda. Siku zote zile alikuwa akishona hatua tatu tu kutoka pale maneno ya shule yalipokuwa yakitumwa, na ufunguo uko Kondoa.

"Vunja kufuli," Angelina akasema.

"Sivunji. Na hata nikivunja, sasa itanisaidia nini? Wao wanataka mtu, na mtu wanayemtaka hayupo."

Alimtuma Nasra kwa Bi Mwajabu kuuliza kama mjane anaweza kutoka. Bi Mwajabu akajibu kwamba haja ya mchana inaruhusiwa, arudi kabla ya giza, na wenye midomo waachiwe midomo yao. Hilo la midomo ndilo lililomwogopesha Mwamvua, si dini. Siku tisini na kitu hakuwa amevuka kizingiti, na sasa avuke watu wakitazama, waseme mumewe hajakauka kaburini. Aliwaza Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi alijitanda kanga yake ya eda mpaka kwenye nyusi, akavaa barakoa aliyoishona mwenyewe, akamwambia Nasra avae ile sketi.

Walikwenda kwa bajaji, godoro limefungwa juu. Getini mlinzi aliwaambia wazazi hawaingii kwa sababu ya korona, waonyeshe tu ule ujumbe. Mwamvua akasema ujumbe hana. Mlinzi akasema bila ujumbe haiwezekani. Mwamvua hakubishana. Aliketi juu ya godoro, katikati ya njia, gari la mboga za shule likashindwa kupita, na haikupita robo saa akaitwa ofisini.

Katibu wa shule, binti mmoja aitwaye Anitha, alimpokea kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Nasra Hasani."

Anitha akatafuta kwenye kompyuta. "Mama, sisi tulimtafuta sana baba. Tumepiga, hapatikani. Tumetuma meseji nne."

"Nisomee."

"Zote?"

"Ya mwisho."

Anitha akasoma kwa sauti ya kazi, haraka. "Ndugu Hasani, tumekutumia ujumbe mara tatu bila majibu. Ukimya wako unaonyesha kwamba hujali elimu ya mwanao." Hapo sauti ikapungua, maana alikuwa ameinua macho na kuiona ile kanga ya eda.

Mwamvua akamkumbuka Hasani. Mtu aliyetembea kwa miguu jua la saa nane kwenye kila kikao cha wazazi, aliyeuza redio yake mtoto apate godoro la bweni, leo anasomewa kwamba hajali, na hana mdomo wa kujitetea.

"Huyo mnayemgombeza amekufa tangu Aprili," alisema. "Niliwaambia Mei. Mlinipa pole."

Anitha aliinuka kitini. Alimwita mkuu wa shule, Mwalimu Elieza, mzee mfupi aliyevua kofia na kuishika mkononi muda wote. Aliomba radhi. Alieleza habari za mfumo, na namba nyingi, na watu wachache ofisini, na Mwamvua akamwacha aeleze mpaka akachoka. Kisha akauliza swali lake moja: mtoto atafanya mtihani au hatafanya?

Atafanya, alisema mwalimu. Kitanda chake kimeshapewa mwingine, ila atalala chumba cha wagonjwa, ambacho Mungu amesaidia hakina mtu. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya walioacha shule. Mwamvua akamsimamia Anitha mpaka akaandika namba mpya kwenye fomu kwa wino mwekundu, akamtaka aisome mara mbili, naye akaisoma. Nasra aliondoka na godoro kichwani bila kugeuka nyuma, na mama yake alishukuru kwamba hakugeuka.

Mtaani walisema, kama ilivyotarajiwa. Wateja wawili walihama. Yeye aliendelea kushona chumbani mpaka eda ikaisha.

Siku ya mgawo, mwisho wa Agosti, Hamidu alikuja na ufunguo. Walisoma dua, sanduku likafunguliwa. Simu ikachomekwa kwenye umeme kwanza, maana ilikuwa imekauka, na wakati inachajiwa wakatandaza suti na viatu kwenye mkeka. Kisha Hamidu akaiwasha ili waone kama bado nzima. Meseji za zamani zilikuwa zimeshapotea hewani, hakuna iliyobaki. Ikaingia moja tu, ya jana yake. Hamidu akaisoma kwa sauti kabla hajaelewa anachosoma.

"Ndugu Hasani, tunakushukuru kwa kumrudisha Nasra shuleni. Kikao cha wazazi wa kidato cha nne ni Jumamosi hii saa nne asubuhi. Mwanafunzi ambaye mzazi wake hatafika atarudishwa nyumbani."

Mwamvua, ambaye hakuwa amelia mbele za watu tangu siku ya maziko, alilia pale, bila kujificha, na Hamidu akatazama chini. Alikuwa na haraka ya kumwoza Nasra, lakini hakuwa mtu asiyeona. Walipomaliza kumsubiri, akamwuliza kwa upole, kama desturi ilivyo, katika fungu lake angependa kuanza na kipi. Saa ilikuwa nzuri. Suti moja ilikuwa haijavaliwa mara tatu.

"Nipeni simu," Mwamvua akasema. "Na laini yake iwe humohumo, msiitoe. Jumamosi wakimwita Hasani, nitasimama mimi."