Ada ya Kufungulia Mshahara

Mukasine alianza biashara Gisozi kwa kuzoa maranda, yale makapi yanayoanguka chini ya randa. Mafundi walimlipa ayaondoe, naye akayauza kwa wafuga kuku wa Gahanga. Gunia moja, malipo mara mbili. Leo ana kibanda cha vitanda na makabati pale Agakiriro, soko la mafundi seremala, na hakuna mteja aliyewahi kuambiwa bei ya kweli kwanza. Kiswahili chake ni cha Karagwe, ng'ambo ya mpaka, alikokulia, na hukitumia zaidi akiwa anagombana.

Siku hiyo aligombana na Gaju, binti wa kaka yake, aliyempigia msasa na vanishi kwa mwaka wa tatu sasa. Asubuhi Gaju alikuwa amepokea zamu yake ya ikimina, akiba ambayo wasichana wanane wa vanishi huchangishana: faranga laki mbili na arobaini. Zilikuwa za kompresa ya kupulizia vanishi. Akiwa na kompresa, asingemhitaji tena shangazi, na wote wawili walilijua hilo.

Mukasine alimkuta nyuma ya kibanda, kidole juu ya simu. Kagabo, fundi wa kibanda jirani, alikuwa amemwinamia begani.

"Unatuma nini?"

"Hayakuhusu, shangazi."

"Ni avansi tu, malipo ya mbele, patroni," Kagabo akadakia. "Binti amepata kazi ya simu. Anabonyeza video kwamba amezipenda, analipwa. Mshahara umefika laki sita. Anatoa ada ya kuufungulia, basi."

"Ada kiasi gani?"

"Laki mbili na arobaini," Gaju akasema, akamgeuzia kioo cha simu. "Usiniangalie hivyo. Wiki ya kwanza walinitumia elfu nne, nikazila."

"Hata mimi mteja mpya namtupia kigoda kwa hasara. Akirudi kutafuta kabati, ndipo namnyonga."

"Wewe ni mwizi. Si kila mtu yuko kama wewe."

"Basi msikilize mwizi. Hapa avansi anatoa nani? Fundi au mwenye kutaka kitanda?"

Agakiriro hakuna mbao inayokatwa kabla ya avansi. Vijana wa pale hutoa na kupokea pesa ya mbele tangu siku ya kwanza kazini, na mikono yao haishtuki.

"Wewe video umeshabonyeza," Mukasine akaendelea. "Kazi imekwisha, unayedai ni wewe. Fundi gani anamaliza meza halafu anampa mteja avansi ili alipwe? Na ada imelingana vipi na kilichomo mfukoni mwako, binti? Mpigie huyo mtu. Weka sauti kubwa."

Aliyejiita Msimamizi Munyaneza alipokea haraka.

"Dada Gaju, dirisha linafungwa saa tisa. Umetuma?"

"Mimi ni shangazi yake. Hiyo ada ikate humo humo kwenye laki sita zake, zinazobaki umtumie."

"Mfumo haukubali, mama."

"Kata laki tatu. Elfu sitini ni zako."

"Haiwezekani."

"Laki nne! Kula, nakuachia!"

Gaju akamvuta mkono. "Shangazi, unagawa pesa zangu!"

"Tulia. Anakataa faida ya pesa anayosema anayo. Ulishamwona mfanyabiashara wa namna hiyo?"

"We bibi wa makabati," sauti ikafoka, "mwache binti atume! Pesa za ikimina anazo tangu asubuhi!"

Simu ikakatwa. Gaju alipopiga tena, namba yake ilikuwa imefungiwa.

"Mimi sikumwambia habari za ikimina," akasema polepole. Akamgeukia Kagabo. "Wala za makabati."

Kagabo akarudi nyuma hatua moja. "Sikiliza, Gaju. Hata mimi zangu zimekwama huko. Laki moja na themanini. Waliniambia nikileta mtu akalipa, wananifungulia."

"Kwa hiyo mimi ndiye ufunguo wako?"

"Ungepata zako pia..."

Brashi ya Gaju yenye vanishi mbichi ilimpitia Kagabo kutoka shavuni hadi kifuani. Alitukana, akaenda kutafuta mafuta ya taa.

"Na wewe usicheke," Gaju akamwambia shangazi yake.

"Sicheki. Nenda kanunue mashine leo hii, kabla hajapiga mwingine. Wakikutajia bei, wewe—"

"Nitapatana mwenyewe!"

Akapatana mwenyewe, na kwa hesabu ya Mukasine alipigwa elfu ishirini. Wiki hiyo hiyo akakodi nafasi safu ya chini. Asante hakutoa, na asubuhi hupita kibandani bila salamu. Mukasine alimwajiri msichana mwingine wa msasa, akamwanzisha kwa malipo ya chini kuliko ya Gaju, na Kagabo alipokuja kukopa akamwonyesha mlango.