Shuka Zinataka Fidla

Shemeji yangu ni dobi, na mtaani wanamwita Mnyoosho, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake unaweza kukatia mkate kwa ule mstari wa mbele. Dada yangu alikubali kuolewa naye kwa kuwa mimi ndiye niliyempigia debe. Yeye hudai si kweli, lakini anayeandika hapa ni mimi.

Shule niliiacha mapema, hatukuelewana, ila muziki naujua. Nimecheza dansi mpaka viatu vikaomba poo. Kwa hiyo niliposikia kile dada alichokuwa akifungulia redio pale dobini, nilicheka. Kila alasiri ni fidla tupu, nyingi kama nyuki, filimbi juu yake, hakuna anayeimba, hakuna hata ngoma ya kumtikisa mtu kiuno. Mtangazaji aliuita okestra nyepesi, kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba.

"Huu si muziki wa kusubiria lifti huu?" nikamwambia dada.

"Basi ikifika panda, uende zako."

Mnyoosho naye hakuupenda, alitaka mpira. Lakini alasiri ndiyo saa ya kukunja shuka za nyumba ya wageni, na shuka pana hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, mnavuta, mnafuatana mpaka katikati, mmoja anakabidhi pembe na mwingine anainama kuudaka mkunjo wa chini. Dada alishika upande wa dirishani, na redio ilikuwa yake. Mumewe alikunja huku analalamika, mwaka nenda mwaka rudi.

Dada akafa. Tukazika, tukarudi, Mnyoosho akachomeka pasi.

Watu walingoja alie. Hakulia. Akipewa chakula alikula, asipopewa hakuuliza. Nilimletea vichekesho vyangu vyote, hata vile visivyofaa mbele ya wakwe, akanitazama kama ninasoma bei za saruji. Siku moja pasi ilimgusa kifundo cha mkono. Akakiangalia kile kifundo kwanza, kama cha mtu mwingine, ndipo akaiondoa. Redio aliihamishia kwenye mpira. Timu yake ikashinda, yeye akageuza kola upande wa pili.

Mashati aliyaweza. Shuka zilimshinda. Alizikunja peke yake mezani, zikatoka kama zimetafunwa. Meneja wa nyumba ya wageni, mama mmoja mpole, akaja mwenyewe.

"Baba, nakuhurumia kweli. Lakini wageni wangu hawalalii huruma. Zikija tena hivi, natafuta dobi mwingine."

Na shuka zile ndizo zilizokuwa zikiliweka lile duka wazi. Binti wa Mnyoosho, huyu mpwa wangu mwenye amri kama marehemu mama yake, alikuwa ameshatayarisha chumba kwake: shuka zikiondoka, baba anafunga duka na kwenda kukaa kwenye kochi.

"Utapumzika, baba."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Tangu tuzike, hilo ndilo jambo pekee nililomsikia akilikataa. Nikajua duka analitaka.

Nikajitosa mimi. Nilimwambia leo utaona mwanamume anavyokunja shuka. Nikavuta, akaja mzimamzima mpaka kifuani kwangu. Nikalegeza, shuka ikafagia sakafu. Redioni mtangazaji wa mpira anapiga kelele, anaingia, anaingia! Na mimi naingia.

"Shemeji, unakimbilia wapi?"

"Wewe ndiye unachelewa!"

"Dada yako alikuwa anangoja."

"Anangoja nini?"

Akaitazama shuka inayoning'inia kati yetu. Kisha akaiweka mezani, akaenda kuzungusha redio. Mkwaruzo, mahubiri, mkwaruzo, halafu fidla. Akarudi kushika pembe zake.

"Tulia." Fidla zikapanda polepole. "Vuta." Zikaanza kushuka. "Haya, njoo." Tukakutana katikati, pembe juu ya pembe. Filimbi ilipoingia, alikuwa ameshainama na kuudaka mkunjo wa chini bila kuutazama. Kumbe miaka yote ile mdomo ukilalamika, miguu ilikuwa inafuata.

Nilishatoa leso kumwandalia. Uso wake mkavu kama ukuta.

"Nyingine," akasema.

Meneja alizipokea, akapitisha kiganja juu yake, akaagiza nyingine zishushwe kwenye gari.

Binti akaja na sanduku tupu la kuhamishia nguo za baba. Akatukuta katikati ya kazi.

"Baba, si tulishaongea?"

"Mjomba wako kachoka. Hebu mshikie."

Sikuwa nimechoka, mimi sichoki, lakini nikampisha. Binti akavuta mapema.

"Ngoja lile zeze kubwa, lile linalokoroma," baba yake akamwambia. "Likikoroma ndiyo unakuja."

Likakoroma, akaja. Amekulia humo dukani, kwa hiyo baada ya shuka chache hakuhitaji kuambiwa. Wakakunja mpaka shuka zikaisha. Ndipo binti akalitazama rundo lililokunjwa, akaligusa ukingo, akalichukua sanduku lake lilivyokuja.

"Nitapita Jumamosi," akasema.

"Pita."

Siku hizi Mnyoosho huufungulia muziki ule hata asubuhi, hata kama hakuna shuka. Kila chombo amekipa jina lake. Kuna kimoja anakiita Bata, na akikosea kukitambua mwenyewe hujisahihisha kwa sauti. Juzi ilikuwa fainali, nikapeleka mkono kwenye redio.

"Acha."

"Eti nini? Umeshaupenda huu wa lifti?"

Akasimamisha pasi.

"Sijui. Ukizimwa, najua umezimwa."

"Na ukiwa umewashwa?"

"Napiga pasi."

Nikaenda kusikiliza fainali kwa kinyozi. Tulifungwa.