Émerance na Jina la Katikati

Émerance Ntumba hakuwa mtu wa kunyamaza, na mwaka wake wa kwanza sikumpenda hata kidogo. Alikuwa mkuu wa kompyuta katika kiwanda chetu cha shaba, Kafunda Métaux, nje ya Lubumbashi, upande wa barabara ya kwenda Kinsevere. Mimi, Godefroid, nilikuwa mkuu wa walinzi langoni. Asubuhi ya kwanza aliposhuka kwenye basi la kampuni, kadi yake ilikataa kumfungulia, naye akaniuliza mbele ya walinzi wangu wote kama mimi ndiye ninayelinda lango au lango ndilo linalonilinda mimi. Vijana walicheka hadi wakashika mbavu. Nilimwekea kinyongo, na mimi si mtu wa kusahau upesi.

Lakini swali lake lilikuwa la haki. Lango letu lilikuwa aibu tupu. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi; anaigusisha kwenye mashine, taa ya kijani inawaka, chuma kinazunguka, anaingia. Kadi ikikataa, mimi mkuu wa lango sikuwa na ufunguo. Nilikuwa na simu. Akili yote ya kompyuta za Kafunda iliishi ng'ambo, kwa kampuni mama, na huku kwetu ilifika kwa njia ya setilaiti. Ili mtu wa Lubumbashi aingie kazini Lubumbashi, ilinibidi nipige simu nchi za watu na kumwomba kijana mmoja mwenye sauti ya usingizi abonyeze kitu kwenye kioo chake. Na Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Wateja wakubwa wa simu hiyo walikuwa mapacha wa Kalala. Kwetu mtu ana majina matatu: jina, postnom, halafu prénom, lile la ubatizo. La katikati ndilo linalomtenga na wengine wote wanaoitwa kama yeye. Mfumo wa kampuni mama ulikuwa na nafasi mbili tu, na ya pili iliachiwa herufi moja. Kwa hiyo Kalala Mbuyi Désiré na Kalala Kabanga Donatien, waliozaliwa tumbo moja siku moja, kule ng'ambo walikuwa mtu mmoja: Kalala D. Mbuyi akishaingia, Kabanga anakataliwa, eti yuko ndani tayari. Wakati mmoja kampuni mama ilituma cheti chenye fremu ya dhahabu kumsifu Kalala D. kwa bidii isiyo ya kawaida, maana saa zake za kazi zilimzidi kila mfanyakazi wao duniani. Mapacha walikitundika sebuleni kwao katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na kila mmoja aliwaambia wageni kwamba ni chake.

Sote tulicheka. Émerance peke yake hakucheka. Alisema siku moja kicheko hicho kitatutokea puani.

Mwisho wa mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka. Matanuru ya wageni kwenye barabara yetu yalizimwa moja baada ya jingine, na matajiri wengine waliondoka bila hata kuwaaga wafanyakazi wao. Malori yalipungua. Katika masoko ya Kenya akina mama walikunja vitambaa vyao saa sita mchana kwa kukosa wanunuzi. Mwezi wa kwanza tukaletewa Bwana Neil Pemberton, mjumbe wa kampuni mama, mtu mrefu, mpole, mwenye habari mbaya. Kafunda ilikuwa inauzwa. Mwisho wa mwezi wa pili wangekata kompyuta zao. Shauri lake lilikuwa tuzime tanuru, tufunge lango, tusubiri mnunuzi.

Asiyejua tanuru anaweza kuliona shauri hilo la busara. Tanuru letu likipoa, matofali yake ya ndani yanapasuka, na kulijenga upya ni kazi ambayo hakuna ambaye angeigusa mwaka ule. Tanuru likipoa limekwisha, na sisi pamoja nalo.

Tuliitwa ofisi kuu, pale katikati ya mji: mkurugenzi wetu Stanislas, Émerance, na mimi kwa sababu ya lango. Émerance alimsikiliza mgeni mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkurugenzi.

"Monsieur le Directeur, shaba iko yetu, four iko yetu, bantu iko betu," alisema; four kwetu ni tanuru. "Kichwa tu njo iko kwa bengine. Turudishe kichwa hapa, na four haitazima."

Stanislas alimtafsiria mgeni kwa Kiingereza. Pemberton alifikiri, kisha akatoa sharti lake. Saa watakayokata, kiwanda kiweze kubadilisha zamu, kupima lori la mawe ya shaba na kumimina shaba bila kuwauliza wao neno. Kikiweza, watakiuza kikiwa hai. Kikishindwa, tanuru linazimwa siku ile ile.

Msaidizi wa Émerance alikuwa Aristote, kijana wa Butembo, mpole kama yeye alivyokuwa mkali. Mashine kubwa za kuhifadhia kumbukumbu zote za kompyuta zilikuja kwa msaada wa mjomba wa Aristote, mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Dubai. Zilifika zimelala katikati ya marobota ya vitenge vya wax na chupa za chai. Wakazifungia katika chumba kilichokuwa stoo ya rangi, wakaweka viyoyozi na jenereta, na tangu hapo Aristote akawa anaonekana wakati wa chakula tu.

Émerance alitaka jambo moja kabla ya mengine yote: majina ya watu yaandikwe upya, yote matatu. Stanislas alikataa.

"Jina itangojea," alisema. "Four haingojee muntu."

Basi walinakili kila kitu kama kilivyokuwa ng'ambo, na katikati ya mwezi wa pili tukafanya jaribio. Pemberton alisimama nyuma yangu. Setilaiti ilizimwa. Zamu ya saa nane mchana ikapanga mstari. Ilunga wa kwanza, maana tulikuwa nao wengi, akapita. Ilunga wa pili akakataliwa. Mbuyi akapita, Kabanga akakataliwa. Mkono wangu ukaenda kwenye simu wenyewe, ukasita hapo. Hakukuwa na wa kumpigia. Watu walijaa nje wakisukumana, na ndani wenzao walichemka mbele ya tanuru wasiweze kutoka, kwa kuwa wa kuwapokea walikuwa kwangu wamekwama. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Pemberton hakumkaripia mtu yeyote. Aliomba setilaiti irudishwe, akamshika Stanislas begani, akamwambia waanze kujiandaa kuzima.

Alipoondoka tulibaki watatu katika kibanda changu. Stanislas alitoa wazo.

"Tuweke tu numéro. Kalala moja, Kalala mbili. Ilunga moja mupaka Ilunga ya mwisho. C'est fini."

"Numéro ya nani?" Émerance aliuliza. "Ku mashini kuko Ilunga mwenye anajua kumimina shaba, na Ilunga mwenye iko chauffeur. Bote banaitwa Ilunga L. Nikiweka numéro, nitatuma nani mbele ya four? Chauffeur?"

Nilidhani Émerance amemaliza, lakini alivuta kiti changu akakaa, na sauti yake ikashuka.

"Mu quatre-vingt-douze, mwaka ile ya 1992, nilikuwa mutoto," alisema. "Mama aliniambia, ku masomo useme tu Émerance. Ntumba uiache ku nyumba. Juu jina ile inaonyesha tunatoka Kasai, na Bakasai banafukuzwa. Nilitembea na jina nusu miaka mingi, Directeur. Mi siwezi kukata jina ya muntu na mukono yangu. Ufunge four, ao unipatie majina."

Stanislas ni Mkatanga, wa wenyeji waliowafukuza Wakasai, na miaka ile hakuna aliyeisahau, wa upande wowote. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nami kinyongo changu chote kilikwisha hapo hapo. Nilimpenda yule mwanamke, nasema wazi, kama mtu anavyompenda dada yake mkorofi.

"Uandike," Stanislas alisema hatimaye. "Mais ile siku ya kukata, hatutajaribu tena, hakuna répétition ingine."

Kesho yake Émerance alitoa meza nje, akaiweka langoni kwangu, Aristote akakaa na kompyuta, na kila aliyetoka zamu alipita hapo. Nilidhani itakuwa kazi ya kuchosha. Ikawa sherehe. Wa kwanza alikuwa mzee wa tanuru, mtu aliyeungua nyusi zamani hata hazikuota tena.

"Jina?"

"Ilunga."

"Ilunga nani?"

"Banasemaka Ilunga L."

"Bale ba ng'ambo habakukuzala, papa. Ilunga nani?"

Mzee alivua kofia yake ya chuma, akasimama wima kama yuko kanisani. "Ilunga Kazadi Laurent," alisema, na akainama juu ya bega la Aristote kuhakikisha. "Kazadi na z. Haina s."

Neno lilienea kiwandani kote. Watu walianza kufika mezani wakitamka majina yao kwa sauti kubwa, wengine wakigomba juu ya alama ndogo za Kifaransa, na fundi mmoja akataka babu yake aongezwe. Émerance alimfukuza kwa mdomo wake ule ule wa siku zote, naye akaondoka akicheka. Kwa kila jina aliuliza kazi, akaomba msimamizi wa mtu huyo athibitishe, kisha Aristote akampa kadi mpya. Mapacha walikuja pamoja, wamevaa mashati ya misa. Kabanga alimwuliza taratibu kama ni kweli mashine itamjua yeye peke yake, bila kaka yake.

"Itakujua, papa," Émerance alimwambia. Baadaye aliniambia kwamba aliposema hivyo mfumo wenyewe ulikuwa bado haujakubali kufanya kazi.

Siku ya kukata ilikuwa Jumamosi. Pemberton alikuja na saa mkononi. Saa sita mchana setilaiti ilikufa, safari hii moja kwa moja, na saa nane zamu ikafika. Hata waliokuwa na mapumziko walikuja, wakajaa upande wa pili wa barabara pamoja na wake zao. Ilunga Kazadi alipita. Ilunga dereva alipita. Ilunga wote walipita, na kwa kila mmoja kioo kidogo juu ya lango kiliandika majina matatu, na watu wa barabarani wakayasoma kwa sauti kama wanaitikia sala. Mbuyi alipita. Halafu akaja Kabanga, jasho likimtiririka, akaibusu kadi yake na kuigusisha.

Mashine ilisita. Kisha taa ikawaka kijani na kioo kikaandika: KALALA KABANGA DONATIEN.

Hakuingia. Alisimama akisoma, midomo ikitikisika, na mstari mzima ukangoja nyuma yake.

"Ingia, papa," nilimwambia, nikimsukuma mgongoni. "Utasoma kesho tena."

Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika mpaka mjini. Lori la mawe likapanda mizani na uzito wake ukatokea kwenye mashine zetu wenyewe. Niliacha lango kwa msaidizi wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niajiriwe, nikaenda tanurini. Mzee Ilunga Kazadi alifungua mdomo wa tanuru na shaba ikatoka, nyekundu, nzito, ikajaza mfereji mpaka mwisho. Émerance alilia mbele ya watu wote, bila kujificha na bila kufuta machozi. Aristote, yule mpole, alicheza hadi miwani ikaanguka. Pemberton alimpa Émerance mkono, akasema kiwanda kitauzwa kikiwa hai, na nadhani alifurahi kwa kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

Kiliuzwa hivyo. Tanuru halikupoa hata saa moja, na mwaka uliofuata bei ilipoinuka, sisi tulikuwa tunamimina wakati majirani wakitafuta matofali.

Siku moja mwaka huo nilikuwa ofisini kwa Émerance nikinywa chai yake, ambayo ni mbaya, simu ilipolia. Alikuwa Pemberton. Kampuni yake ilikuwa inavunjwa, mashine zao kule zilishauzwa, na wakaguzi walitaka hesabu za zamani za Kafunda, ambazo sasa ziliishi kwetu, katika stoo ya rangi. Mkurugenzi alikuwa amemruhusu azisome, na Émerance alikuwa amemtumia ukurasa wa kujiandikisha. Tatizo ni kwamba ukurasa ulimkataa.

Émerance aliweka simu kwa sauti ili tusikie, na Aristote akawa ananitafsiria.

"Anasema kuko fasi ya postnom," Aristote alininong'oneza, "na yeye hana. Anaacha wazi, mashini inakatala."

Émerance alimwambia mgeni kwamba ndivyo ilivyo. Mfumo wetu haumpokei mtu mwenye majina mawili. Kisha Pemberton akauliza, kwa upole wake ule ule, aandike nini. Aristote alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilimwona Émerance akifikiri. Angeweza kumtesa kidogo, na mimi ningefurahi.

"Andika Mugeni," alimwambia.

Akauliza maana yake.

"Ni muntu mwenye tunapokea muzuri ku nyumba yetu," Émerance alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza. Akamtajia herufi moja moja, naye kule ng'ambo akazibonyeza moja moja, na kwenye kioo chetu jina likatokea lote, Pemberton Mugeni Neil, na Émerance akamfungulia.